SULTANI HASAN BIN SULAIMAN WA KILWA: MTAWALA ALIYEVUA NGUO ZAKE AKAMPA MASIKINI



 



Katika jarida letu tumezoea kueleza maisha ya watu wema waliotutangulia ili vijana wetu wapate wa kumuiga. Mara nyingi tumewachukua watu wa Makka, Madina, Baghdad au Misri. Hilo ni jema, lakini lina athari moja ambayo sisi walimu tumeiona. Mtoto wa Nachingwea au Ruangwa anakua akidhani kwamba historia ya Uislamu ilipita mbali na kwao, na kwamba sisi huku kusini tulikuwa wasikilizaji tu.

Mwaka huu tumeona tusiende mbali. Tumemchagua mtawala aliyeishi katika mkoa wetu huu huu wa Lindi, miaka mia saba iliyopita. Ukitoka Nachingwea ukapita Lindi mjini, ukaendelea na barabara ya Dar es Salaam mpaka Nangurukuru, kisha ukakata kulia kwenda Kilwa Masoko, utafika ufukweni. Ng'ambo ya maji utakiona kisiwa. Hapo ndipo alipoishi na kutawala Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa au mtu wa kutoa sana.

UKOO WAKE

Kilwa Kisiwani ulikuwa mji wa Kiislamu kwa zaidi ya miaka mia mbili kabla ya yeye kuzaliwa. Msikiti wake wa kwanza wa mawe ulijengwa karne ya 11. Watawala wa mwanzo walikuwa wa ukoo unaojulikana katika historia kwa jina la Washirazi. Mwishoni mwa karne ya 13 utawala ukahamia kwa ukoo mwingine, ukoo wa Mahdali, ambao nasaba yao hurejeshwa kwa Masharifu wa Yemen. Wa kwanza kushika kiti katika ukoo huo alikuwa Hasan bin Talut. Huyu ndiye babu wa mtu wetu. Mjukuu akapewa jina la babu yake, kama tunavyofanya sisi mpaka leo.

Habari za masultani hawa tunazipata katika Tarikh ya Kilwa. Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiarabu karne ya 16, na nakala yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London. Mreno mmoja aitwaye João de Barros naye aliandika habari hizo kwa lugha yake katika kitabu kilichochapwa mwaka 1552. Chanzo cha pili ni msafiri Ibn Battuta, ambaye tutamweleza mbele. Chanzo cha tatu ni mawe na sarafu, navyo havisahau wala havipendelei mtu.

SAFARI YA ELIMU

Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba Hasan alitoka kwao akiwa bado kijana mdogo akasafiri kwenda kuhiji. Njiani alikaa Aden, katika nchi ya Yemen, kwa muda wa miaka kama miwili akisoma elimu ya dini. Aden ya wakati ule ilikuwa chini ya wafalme wa Kirasuli, nayo ilikuwa bandari kubwa ya biashara na mahali pa wanavyuoni. Mtoto wa mfalme aliacha raha za nyumbani akaenda kukaa mkekani mbele ya mashekhe wa watu.

Wanafunzi wetu wapendwa, tuseme kidogo hapa. Safari ile haikuwa ya basi. Vyombo vya bahari ya Hindi vilikwenda kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki na kuleta vyombo pwani yetu. Kusi huvuma kutoka kusini na kuvirudisha Uarabuni na Bara Hindi. Anayekosa upepo wake anasubiri msimu mwingine. Kwa hiyo mtu aliyeondoka Kilwa kwenda kusoma alijua kwamba hataiona nyumba yao kwa mwaka au zaidi, na huenda asiwakute aliowaacha. Sisi leo tuna wanafunzi wanaoshindwa kufika madrasa kwa sababu ya manyunyu ya mvua.

Hasan naye hakumkuta baba yake. Sultani Sulaiman alifariki dunia mwanawe akiwa ugenini.

AMANA YA NDUGU

Kiti kilikuwa kitupu na mwenyewe yuko mbali ng'ambo ya bahari. Aliyeshika utawala ni ndugu yake, jina lake Daud. Lakini Daud alitawala kwa niaba tu, akimsubiri Hasan arudi kutoka hija. Aliporudi, Daud alimkabidhi kiti chake.

Tungependa msomaji asilipite jambo hili haraka. Katika historia ya wafalme, Waislamu na wasio Waislamu, ni wangapi waliotoa macho ya ndugu zao kwa sababu ya kiti? Wangapi waliomfunga baba au kumuua mtoto wa kaka? Daud alikuwa na jeshi, hazina na mji mkononi mwake. Angeweza kuandaa mapokezi ya panga bandarini. Badala yake alirudisha amana kwa mwenyewe. Tutamtaja tena Daud mwishoni, kwa jambo lisilompendeza sana, ndiyo maana tumeona haki yake tuitangulize.

Wanahistoria wengi hukadiria kwamba Hasan alitawala kuanzia mwaka 1310 hivi mpaka mwaka 1333 hivi.

KILWA WAKATI WAKE

Wakati huo Kilwa ilikuwa juu kuliko miji yote ya mwambao wetu. Sababu kubwa ilikuwa dhahabu. Dhahabu ilichimbwa ndani sana barani, katika nyanda za nchi ambayo leo inaitwa Zimbabwe, ikateremshwa mpaka bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo, na kutoka huko ikapanda kwa vyombo mpaka Kilwa. Pembe za ndovu nazo zilitoka bara. Kutoka nje zilikuja nguo, shanga, na vyombo vya udongo vya Uajemi na China. Vigae vya sahani za China vimefukuliwa kwa wingi ardhini Kilwa.

Ili tuelewe dunia ya wakati ule ilivyokuwa, tukumbuke kwamba mwaka 1324, Hasan akiwa bado anatawala, Mansa Musa wa Mali alipita Misri akielekea Makka, akagawa dhahabu nyingi hata bei yake ikashuka Cairo. Basi katika kizazi kimoja Waislamu wawili wa Afrika, mmoja magharibi na mwingine mashariki, walisifika kwa dhahabu na kwa kutoa.

Sultani Hasan alipiga sarafu za shaba zenye jina lake. Zipo pia sarafu chache za dhahabu zenye jina hilo. Moja kati ya zile za shaba ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari. Kipande kidogo kama kifungo cha shati kikatembea nchi nzima mkononi mwa wafanyabiashara, na bado jina linasomeka.

ALIVYOJENGA

Mtawala huyu alikuwa mjenzi. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa mdogo, wenye paa la bapa lililobebwa na nguzo za miti. Yeye akauongezea upande wa kusini sehemu mpya iliyoupita ule wa zamani kwa ukubwa mara kadhaa, yenye kuba na matao ya mawe ya matumbawe na chokaa. Baadaye sehemu hiyo iliporomoka, na katika karne ya 15 Sultani Sulaiman bin Muhammad akaijenga upya kwa nguzo imara zaidi. Anayeingia leo katika gofu la msikiti ule anaona kazi za masultani hawa wawili pamoja. Mmoja alithubutu kujenga kikubwa, mwingine akajifunza kwa kilichoanguka.

Nje ya mji, upande wa mashariki, juu ya kilima cha mawe kinachotazama bahari, alijenga jumba liitwalo Husuni Kubwa. Lina vyumba zaidi ya mia moja, nyua kubwa, ngazi za kushukia baharini, sehemu ya ghala na biashara, na birika la kuogea lenye pembe nane. Jiwe lenye maandishi ya jina la Sultani Hasan bin Sulaiman lilipatikana hapo hapo. Mtaalamu Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, aligundua kwamba jumba hilo halikumalizika kujengwa, na kwamba halikukaliwa kwa muda mrefu.

Subhanallah! Jumba kubwa kuliko yote katika pwani nzima, na mwenyewe hakulimaliza wala warithi hawakulitaka. Leo popo ndio wenyeji.

MGENI KUTOKA MAGHARIBI

Mwaka 1331 (sawa na mwaka 731 Hijria) alifika Kilwa kijana wa miaka kama 27, aliyezaliwa Tangier nchini Morocco. Huyu ndiye Ibn Battuta. Alitoka kwao mwaka 1325 kwenda kuhiji, na safari ikawa ya maisha. Kutoka Aden alipita Zeila na Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, kisha akashuka Kilwa. Habari zake aliziandikisha mjini Fez, na kitabu kikakamilika mwaka 1355.

Ibn Battuta aliusifu mji wa Kilwa kwa uzuri. Aliona kwamba watu wake wengi ni weusi, ni watu wa dini na wema, na kwamba madhehebu yao ni ya Imamu Shafi. Hapa tunawakumbusha wanafunzi wanaosoma Safinatun Najaa katika madrasa yetu kwamba fiqhi hiyo si ngeni katika ardhi hii. Ilisomwa Kilwa karne nyingi kabla ya babu wa babu zetu.

Kuhusu Sultani, msafiri huyu aliona mambo matatu. La kwanza ni unyenyekevu wake. Alikaa na masikini, akala nao pamoja, na aliwaheshimu watu wa dini na masharifu. La pili ni kwamba alikuwa akifanya vita na watu wa bara, na ngawira iliyopatikana akaitoa khumsi, yaani sehemu ya tano, akaitumia kama ilivyoelezwa katika Sura ya Al-Anfal. Fungu la jamaa wa Mtume (S.A.W.) aliliweka katika hazina yake peke yake, na masharifu walipokuja kutoka Hijaz na Iraq aliwapa. La tatu ni kutoa, na ndilo lililompatia jina la Abul-Mawahib.

KISA CHA NGUO

Kisa chenyewe ni hiki. Ibn Battuta alikuwapo na alikiona kwa macho yake.

Siku ya Ijumaa, Sultani alitoka msikitini baada ya sala kurejea nyumbani kwake. Njiani akasimamishwa na masikini mmoja, mtu wa Yemen, aliyemwita kwa jina lile la sifa. Sultani akasimama, akamwitikia kwa adabu na kumuuliza haja yake. Masikini akasema kwamba anataka zile nguo alizozivaa Sultani. Sultani akakubali. Masikini akasema anazitaka saa ile ile. Sultani akakubali hilo pia. Akageuka, akarudi mpaka msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavua nguo zake, akavaa nyingine, kisha akamwita masikini aingie azichukue. Masikini akazifunga katika kitambaa, akazibeba kichwani, akaenda zake.

Watu waliokuwapo wakamshukuru Sultani kwa ukarimu na unyenyekevu wake. Mwanawe, aliyetarajiwa kumrithi, akamfuata masikini, akazichukua zile nguo na kumpa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyolisifu jambo lile, akaamuru masikini aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Katika nchi ile, anasema msafiri, zawadi nyingi zilikuwa pembe, na dhahabu ilitolewa kwa nadra.

Hapo ndipo kisa kinapoishia.

SWALI LA MWANAFUNZI

Wazazi na walezi, tunataka kusema kweli. Sisi tumekisimulia kisa hiki darasani na katika mawaidha kwa miaka mingi. Na kila mara tulikuwa tunakiishia pale masikini anapozibeba nguo. Wale watumwa ishirini hatukuwataja. Tuliona kinapendeza zaidi hivyo.

Siku moja tuliamua kukisoma chote kama kilivyo. Tulipomaliza, mtoto mmoja wa kike, wa wale wanaokaa nyuma na hawasemi, akanyoosha mkono. Akauliza wale watu ishirini walikuwa watoto wa nani. Darasa likanyamaza. Na sisi tukanyamaza. Tulikuwa na jibu la swali la nguo, la khumsi na la madhehebu, lakini hilo hatukuwa nalo. Tukawaambia tutalijibu siku nyingine, tukafunga darasa kwa dua.

Tumelifikiria swali lile muda mrefu, na makala hii kwa kweli ni jibu letu kwake.

Walikuwa watoto wa watu wa bara. Hatusemi kwamba walichukuliwa Nachingwea au Ruangwa, kwani hakuna aliyeandika majina yao wala vijiji vyao. Lakini bara lililo nyuma ya Kilwa ni huku. Ni nchi ya mto Mbwemkuru na mto Lukuledi, nchi ya wakulima kama sisi. Na tunajua kwamba karne nyingi baadaye, katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kuwasafirisha watumwa walioletwa kwa miguu kutoka upande wa Ziwa Nyasa, wakipita nchi hizi za kusini. Baadhi ya familia zetu zina habari za babu aliyechukuliwa, na nyingine zina habari za babu aliyechukua. Wengine wetu tuna damu zote mbili. Hakuna faida ya kuwaficha watoto.

Basi tumpime Sultani Hasan kwa mizani gani? Wapo watakaosema kwamba zama zake zilikuwa hivyo, na wafalme wote wa dunia, wa Uajemi, wa China, wa Ulaya, walimiliki watu. Ni kweli. Lakini Hasan alikuwa msomi. Alikaa Aden akisoma. Hapana shaka aliijua Sura ya Al-Balad, ambayo inataja njia ngumu ya kupanda, na jambo la kwanza katika njia hiyo ni kumwacha huru mtumwa, ndipo likafuata la kumlisha yatima na masikini siku ya njaa. Aliijua aya ya sadaka katika Sura ya At-Tawba, ambayo imeweka fungu maalumu la kuwakomboa watu. Alikijua kisa cha Bilal, aliyenunuliwa na Sayyidna Abubakar (R.A.) ili aachwe huru. Dini ilimfungulia mlango, naye siku ile hakupita.

Sasa tuangalie tena kile kisa. Ndani yake mna zawadi mbili. Ya kwanza ni nguo. Zilikuwa zake, ziko mwilini mwake, amezivalia Ijumaa, na alizitoa kabla ya mtu yeyote kumsifu. Hiyo ndiyo inayofanana na mafundisho ya Sura ya Aal Imran, kwamba mtu hafikii wema mpaka atoe katika vile anavyovipenda. Zawadi ya pili ni watu ishirini na pembe. Ilikuja baada ya watu kuanza kusifu, na haikumpunguzia kitu mwilini. Kwa hesabu ya sokoni zawadi ya pili ni kubwa mara nyingi. Kwa mizani ya Akhera, sisi tunaona ya kwanza ndiyo nzito. Nguo zilikuwa mali yake. Watu ni waja wa Mwenyezi Mungu.

Na kuhusu vile vita vya bara tuseme neno moja. Ibn Battuta aliviita jihadi. Lakini Uislamu haukuingia Nachingwea wala Ruangwa kwa ngawira za Kilwa. Zilipita karne nyingi baada ya Sultani Hasan, na bara la kusini bado halikusilimu. Uislamu ulienea huku mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Ulikuja na wafanyabiashara wa Kiyao na wa pwani, na walimu waliotembea kwa miguu wakiwa na msahafu mkobani, na watu wa twariqa za Qadiriya na Shadhiliya waliokaa na wanakijiji, wakala ugali wao, wakawafundisha watoto wao. Walioleta dini ni wale waliokaa mkekani. Waliokuja kuteka walirudi na mateka wao.

MWISHO WAKE NA YALIYOFUATA

Sultani Hasan alifariki dunia miaka michache baada ya Ibn Battuta kuondoka. Aliyemrithi ni ndugu yake Daud, yule yule wa amana. Ibn Battuta anaeleza kwamba Daud alikuwa kinyume cha ndugu yake. Mwombaji alipomjia, alimwambia kwamba yule aliyekuwa akitoa amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi, na mwisho wakapewa kidogo sana, mpaka wakaacha kuja.

Wengine humcheka Daud. Sisi hatumcheki sana. Huenda mjenzi wa Husuni Kubwa aliacha hazina nyepesi, na huenda Daud alikuwa na mkono mzito tu. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Ila tunajua kwamba mtu mmoja anaweza kuwa mwaminifu sana katika amana na mzito sana katika sadaka, na mwingine akawa mwepesi wa kutoa na akasahau haki ya watu asiowaona. Hakuna aliyekamilika ila waliokamilishwa na Mola wao.

Kilwa iliendelea kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Mwaka 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliuvamia mji na kuupora. Mwaka 1981 Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya kubomoka, na mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya ukarabati, yakatolewa katika orodha hiyo ya hatari. Tunawashauri wazazi wenye uwezo wawapeleke watoto wao wakayaone. Mashua ya kuvuka kutoka Masoko haichukui muda mrefu, na mtoto atakayesimama katika mihrabu ya msikiti ule hatasahau.

MAFUNZO TUNAYOPATA

Kwanza, elimu hutafutwa hata na mtoto wa mfalme. Hasan alikwenda ng'ambo kusoma kabla ya kukaa kitini.

Pili, amana hurudishwa kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe yuko mbali na hakuna wa kukulazimisha. Huyo ndiye Daud.

Tatu, mkubwa hapungukiwi kwa kukaa na wadogo. Sultani alikula na masikini, na heshima yake ikazidi.

Nne, toa kilicho chako. Usitoe jasho la mfanyakazi wako ukaita sadaka. Katika msimu wa korosho au ufuta tunawaona watu wanaochanga fedha nyingi msikitini hadharani, na vibarua waliovuna mashamba yao bado wanawadai. Mlipe kibarua kwanza, kisha njoo msikitini na mchango wako.

Tano, majengo hupita. Husuni Kubwa imebaki mawe, na jina la Hasan limebaki kwa sababu ya kanzu aliyoivua nyuma ya msikiti.

Sita, tunapowasimulia watoto habari za Waislamu waliotangulia, tusikate kisa katikati kwa ajili ya kupendeza. Mtoto atakuja kukisoma mwenyewe siku moja, na atajiuliza ni mambo gani mengine tuliyomkata.

HITIMISHO

Yule mwanafunzi wetu aliyeuliza sasa yumo katika darasa la juu. Tumemjibu kwa kadiri tulivyojaaliwa. Na tunamwomba, yeye na wenzake, kila watakaposimulia kisa cha nguo za Sultani wa Kilwa, wawakumbuke na wale ishirini wasio na majina, ambao Mola wao anawajua mmoja mmoja na majina ya mama zao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sultani Hasan bin Sulaiman kwa wema alioutenda na amsamehe alipokosea, awarehemu wote waliodhulumiwa katika ardhi hii, na atujaalie sisi kuwa watu wa kutoa kilicho chetu na kurudisha kilicho cha watu. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Sultani Hasan bin Sulaiman alisoma wapi kabla ya kutawala, na kwa muda gani?
2. Eleza amana aliyoitunza Daud.
3. Taja vyanzo vitatu vya habari za Sultani huyu.
4. Katika zawadi mbili zilizotajwa katika kisa, ipi unaona ni bora? Toa sababu.
5. Waulize wazee wa nyumbani kwenu jinsi Uislamu ulivyofika katika kijiji chenu, uandike majina ya walimu wa mwanzo, kisha ulete maandishi hayo madrasa.

Wabillahi tawfiq.